Mkono Mtupu

Shangazi yangu alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika duka la vitabu vikuukuu, na miaka yote hiyo alikalia kiti kimoja, katika chumba cha nyuma, mbele ya dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kabla ya hapo alikuwa mtunza maktaba wa shule. Shule ikaifunga maktaba ili ipate darasa jingine, vitabu vikauzwa kwa kilo, na yule aliyekuja kuvinunua akamchukua na yeye. "Nilikuwa kwenye mzigo," alipenda kusema. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Mnunuzi huyo ndiye mwenye duka. Watu walimwita Mzee Mgongo na mwenyewe hakuchukia. Kwanza alikuwa na kibiongo kidogo. Pili, ukimpa kitabu hakukifungua. Alikigeuza, akautazama mgongo, akaupapasa kwa kidole gumba kama mtu anayempapasa mbuzi mnadani, ndipo akauliza kimetoka wapi.

Duka lile lilikuwa na lugha yake. Karatasi ya nje inayovishwa jalada waliiita koti. Madoa ya kahawia yanayoota kwenye karatasi ya zamani waliyaita surua. Juzuu iliyobaki peke yake baada ya wenzake kupotea iliitwa yatima, na kitabu kilichounganishwa kwa kurasa za vitabu viwili vitatu vibovu kiliitwa kiraka. Mtu anayenunua kitabu ili akate picha zake aziuze moja moja alikuwa mchinjaji. Kitabu kilichokwisha kabisa, ambacho hata kufungia karanga ungekifikiria mara mbili, waliandika "nakala ya kusomea", kwa adabu, kama vile mtu aliyechoka anavyoitwa mtu mzima. Shangazi ndiye aliyeandika maelezo hayo kwa ajili ya orodha iliyotumwa kwa posta kwa wateja wa mbali, na alikuwa na sharti lake: kasoro zitangulie, sifa zifuate. Wateja walimwamini. Kama kadi imesema ukurasa mmoja umechanika pembeni, ulikuwa mmoja, na pembeni.

Neno lililotumika zaidi ya yote lilikuwa mkono. Kitabu chenye mkono ni kile ambacho mtu ameandika ndani yake. Kama aliyeandika anajulikana, ni mkono mzito, na kitabu kinapanda. Kama ni mtu tu, mwalimu fulani, binti fulani, mgonjwa fulani, waliuita mkono mtupu, na Mzee Mgongo hakuchoka kusema kuwa mkono mtupu haulambwi. Huo ulifutwa. Penseli ilitoka kwa kifutio laini na makombo ya mkate mkavu. Wino ulihitaji kuufumua mshono, kutoa karatasi, kuilaza kwenye sinia yenye dawa, kuisuuza maji matatu, kuikausha katikati ya karatasi kausho, kisha kuishona tena mahali pake. Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Shangazi. Akimaliza, kitabu kiliandikwa neno moja, safi, na hapo sharti lake la kasoro kwanza lilinyamaza. Alikuwa analijua hilo. Aliniambia baadaye kwamba miaka ile yote alijiambia kuwa doa lililotoka si doa tena.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilikuwa nakaa naye wakati huo, nashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba, na haya nayasimulia kama aliyoniambia yeye mwenyewe, isipokuwa ile siku ya kikao, ambayo nilikuwepo.

Siku moja asubuhi aliingia dukani mzee mmoja na mkokoteni wenye maboksi sita. Alikuwa mtu nadhifu, amestaafu kazi ya ukarani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Vitabu vilikuwa vya mwanawe. Mwanawe alikuwa mpima ardhi, akaugua figo, akalala miezi minne katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, akafariki akiwa na miaka ishirini na tisa. Baba huyo alieleza yote hayo bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayesoma fomu. Mzee Mgongo akampa pole, akaanza kugeuza migongo. Vingi vilikuwa vya kawaida. Kimoja hakikuwa cha kawaida: kitabu kikubwa cha ndege, toleo la kwanza, picha zote za rangi zipo, na koti lake halijachanika hata ukucha. Mzee Mgongo alikuwa akikitafuta kitabu hicho miaka sita kwa ajili ya mteja mmoja wa mbali, mtu ambaye hakuwahi kufika dukani, aliyejulikana kwa barua zake fupi na kwa kutaka vitu safi.

Kabla ya kuweka sahihi, yule baba aliuliza jambo moja. Vitabu vilivyoandikwaandikwa ndani mnavifanyaje? Mzee Mgongo akamwambia kwamba kuna fundi wake, kila kitu kinafutwa, hakibaki hata kivuli. Shangazi alikuwa mlangoni akingoja kubeba boksi. Alimwona yule baba akishusha pumzi, akaweka sahihi, akaondoka bila kugeuka. Alidhani ni mzazi anayeona haya kwa uchafu wa vitabu vya mtoto.

Kitabu cha ndege kilimchukua siku tano. Kijana alikuwa ameandika kwa penseli pembeni ya karibu kila picha: tarehe, saa, na mahali ndege alipoonekana. Mwanzoni mahali palikuwa pa kila namna: mtoni, barabara mpya, uwanja wa mpira. Baadaye ikawa dirishani, dirishani, dirishani. Shangazi alifuta huku akisoma, maana jicho halina pazia. Alisema mwandiko ulikuwa mdogo na umenyooka kama wa mchora ramani, na kuelekea mwisho ulianza kushuka chini ya mstari.

Siku ya tano alifika kwenye karatasi tupu ya mwisho, ile iliyo baada ya faharasa. Haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa wino wa buluu pande zote mbili, na neno la kwanza lilikuwa "Mama".

Akasoma upande wa kwanza. Kisha akaondoka kitini, akampelekea Mzee Mgongo, akamwambia kuwa hii si alama ya msomaji, hii ni barua ya mtu. Mzee Mgongo hakukasirika. Alivua miwani, akasema kuwa aliyeuza ameuza, tena ni baba mzazi, na mwenyewe aliuliza akaambiwa kila kitu kinafutwa. Shangazi akapendekeza waitoe ile karatasi wampelekee mwenyewe. Akajibiwa kuwa kitabu kikitolewa karatasi kinaitwa pungufu, hata kama iliyotolewa ni tupu, na kwamba yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote. "Sisi hatuuzi barua za watu," Mzee Mgongo akasema. "Tunauza vitabu. Safisha."

Shangazi akarudi kwenye chumba chake. Hapa ndipo panapomtesa mpaka leo. Kunakili barua ile kungemchukua dakika kumi. Karatasi zilikuwepo, kalamu ilikuwepo, na Mzee Mgongo hakuwa mtu wa kuchungulia. Hakunakili. Alijiambia kuwa maneno ya marehemu kwa mama yake si ya kupekuliwa na mtu baki. Kwa sababu hiyo hiyo hakugeuza karatasi kusoma upande wa pili. Aliona ni heshima. Akafumua mshono, akailaza karatasi kwenye sinia, upande aliousoma ukiwa juu, akatazama buluu ikitanuka, ikawa kijivu, ikawa maji. Ilipokauka aliishona mahali pake kwa uzi wa rangi ile ile, akaandika kwenye kadi: safi. Wiki ile ile kikafungwa, kikapelekwa posta.

Baada ya kama miezi miwili alikuja mama mmoja. Alikuwa mnene wa mikono, mpishi wa shule ya bweni iliyo mbali, safari ya siku nzima, na alikuwa amevaa viatu vya kazini kwa sababu aliondoka moja kwa moja kutoka jikoni kuwahi basi. Alisimama katikati ya duka akasema anatafuta kitabu cha ndege. Si chochote, cha mwanawe. Akataja jina la mzee wa maboksi sita.

Alijieleza bila kulia. Yeye na baba wa kijana waliachana mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu, na mtoto akabaki kwa baba kwa sababu ya shule. Waliandikiana barua. Kisha barua zikakatika, akadhani kazi ya upimaji imempeleka porini. Aliletewa habari mwanawe akiwa amekwisha kuzikwa siku tisa. Hakujua hata kama alikuwa anaumwa. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa bado, na shuleni kwao kulikuwa na simu moja tu, ofisini kwa mkuu. Alikwenda kaburini, akarudi kazini. Sasa juzi, alipokuja kwa ajili ya kujengea kaburi, alikutana njiani na muuguzi aliyekuwa akienda nyumbani kumchoma kijana sindano. Muuguzi akamshika mkono akamwuliza kama alikisoma kitabu cha ndege, maana mgonjwa alimwachia ujumbe: mama akija, mwambie asome mwisho wa kitabu cha ndege. Majirani ndio waliomwambia kuwa vitabu vilipakiwa mkokoteni, vikaletwa dukani hapa.

Mzee Mgongo alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kitabu kimeuzwa. Mama akauliza kama kilikuwa na maandishi. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma, mlango uko wazi, kifutio mkononi.

"Kilikuwa safi, mama," Mzee Mgongo akasema. "Hakikuwa na kitu."

Mama akasimama kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Akashukuru, akatoka.

Shangazi hakutoka. Kesho yake yule mama alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuuliza kitu tena. Alikuwa anatazama rafu, mgongo mmoja baada ya mwingine, labda akidhani kuwa wamekosea, kitabu kipo. Siku ya tatu alikuja tena.  Mama alipoondoka, Shangazi akavua aproni, akamfuata mpaka kwenye nyumba ya wageni alikofikia, chumba chenye kitanda kimoja na beseni la kunawia. Akagonga.

"Dada, mimi ndiye niliyekiosha," akasema kabla hajaketi. "Kilikuwa na barua. Ilikuwa yako."

 Mama akasogea kitandani akampa nafasi. "Uliisoma?"

"Upande mmoja."

"Sema. Usinipunguzie, na usinitilie chumvi."

Shangazi alikuwa na kumbukumbu ya maktaba. Alikuwa amezoea kukumbuka kitabu kipo rafu ipi, na maneno ya barua ile yalikuwa hayajamtoka tangu siku ya sinia. Akayasema polepole, mikono ameibana magotini. Baadaye aliyaandika, nami nimeyaona:

"Mama, hii ni barua ya nne. Tatu nilimpa Baba azipeleke posta. Baba anasema ulimjibu kwa mdomo, kupitia mtu, kwamba nyumba hii hutaikanyaga tena hata kwa ajili yangu. Nimelitafuta kosa langu sijaliona. Nakumbuka siku uliyonishusha kutoka juu ya tangi la maji nikiwa nimelowa, ukaniambia nisimwambie Baba, na mpaka leo sijamwambia. Kwa hiyo mimi na wewe tuna siri, na wenye siri hawatupani. Miguu imejaa maji, nikiibonyeza linabaki shimo. Leo yule ndege wa ukurasa wa mia na kumi na mbili ametua kwenye waya, muuguzi ni shahidi. Mama, sina hasira. Nina ombi moja tu, nalo ni"

Hapo upande wa kwanza uliishia.

 Aliposikia habari ya tangi, mama aliweka kiganja kwenye beseni, ingawa halikuwa na maji, akakiacha humo. Siri ile ilikuwa ya watu wawili tu, na mmoja alikuwa kaburini. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Sikuwahi kuletewa neno," akasema. "Si barua, si mtu. Hata moja." Kisha akauliza: "Na ombi lilikuwa nini?"

"Sikugeuza karatasi, dada."

"Kwa nini?"

Shangazi akamwambia ukweli, kwamba aliona ni heshima. Mama akarudia neno hilo mara mbili, taratibu, kana kwamba anaonja chumvi ya mboga. Hakumfukuza. Walikaa pale mpaka mwenye nyumba ya wageni akaja kuuliza kama mgeni anaongeza siku.

Kitabu kilikuwepo bado, kule kilikokwenda. Shangazi alikuwa ameandika anwani ya mteja yule mara nyingi kiasi kwamba mkono uliijua wenyewe. Akamwandikia. Alimweleza kuwa karatasi ya mwisho ilioshwa, na kwamba wino wa aina ile pengine huacha alama hafifu ikimulikwa kwa taa maalumu. Akamwomba, kwa heshima zote, atazame upande wa pili, neno lolote atakaloona amwandikie. Hakuomba kitabu kirudishwe. Mama akarudi shuleni kwake kungoja.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, na halikuja kwake. Lilikuja kwa Mzee Mgongo. Mteja aliandika kwa mkato kama kawaida yake: ameimulika ile karatasi, haoni kitu, kazi ya kuosha ilifanywa vizuri sana na anaipongeza. Angependa kujua kama kuna vitabu vingine kutoka kwa marehemu huyo huyo.

Mzee Mgongo aliisoma barua hiyo kwa sauti ya kawaida, akaikunja, akamwekea Shangazi mezani. Hakupiga kelele. Alisema kwamba mtu akitangaza kasoro ambayo mnunuzi hajaiona, huyo hauzi, anabomoa, na yeye ana familia inayokula dukani humo. Akanyoosha mkono apewe ufunguo wa chumba cha nyuma. Shangazi akampa, akachukua mwavuli wake, akaja nyumbani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Akaketi kando yangu akaanza kupanga vifungo kwa ukubwa wake, na ndipo aliponihadithia yote.

Alibaki mtu mmoja tu ambaye huenda aliusoma upande wa pili.

Mama alipopata habari ya jibu hilo, aliomba kikao kwa kaka mkubwa wa mumewe wa zamani, mtu wa haki, aliyemheshimu shemeji yake hata baada ya talaka. Kikao kilikaa Jumamosi alasiri sebuleni kwa yule baba. Mimi nilimsindikiza Shangazi kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Tulikuwa watu saba: baba mwenyewe, kaka zake wawili, dada yao, yule mama, Shangazi na mimi. Sebule ilikuwa safi mno. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa na mbele yake limewekwa kabati la vyombo, ambalo halikuwa na sababu ya kuwa hapo.

Kaka mkubwa alieleza kilichowakutanisha. Baba akasikiliza hadi mwisho, akasema hajui barua yoyote. Alituma habari mapema kupitia dereva wa lori, dereva hakufika, mipango ya Mungu. Vitabu aliviuza kwa sababu vilimwumiza macho. Na huyu mama wa dukani, akasema bila kumtazama Shangazi, amefukuzwa kazi, na aliyefukuzwa kazi hakosi la kusema. Kaka mdogo akatikisa kichwa kukubali. Niliona mambo yanaelekea kuishia hapo.

Kaka mkubwa akamwambia Shangazi aseme alichokisoma.

Shangazi akasema. Hakuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye maneno "nyumba hii hutaikanyaga tena hata kwa ajili yangu", yule baba aliinua uso. Sijui namna nyingine ya kueleza nilichokiona. Maneno hayo alikuwa ameyatunga mwenyewe, ameyasema ndani ya chumba kile kwa mtu mmoja ambaye amekwisha kufa, na sasa yalikuwa yanasemwa na mwanamke asiyemjua, kwenye kochi lake mwenyewe. Shangazi akaendelea mpaka kwenye "nalo ni", akanyamaza.

 Dada yao alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

"Barua tatu ziko wapi?" kaka mkubwa akauliza.

 Baba akasema zilichomwa, moja moja, jikoni, kila alipopewa. Akaanza kueleza, na alipoanza hakuweza kusimama. Alikuwa ameapa siku ya talaka kwamba mwanamke huyu hatakanyaga kwake. Mtoto alipougua alidhani ni jambo la wiki mbili. Baada ya mwezi aliona haya kutuma habari, maana angeulizwa kwa nini amechelewa. Kila siku iliyopita iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Mtoto akawa anauliza, anauliza, mpaka siku moja, kwa kuchoka, akamwambia mama yako amekataa. Alisema mtoto hakuuliza tena, na kwamba aliona amempumzisha.

Kaka mdogo alisimama akaenda kusimama mlangoni, amewapa wote mgongo.

 Mama aliinama mbele.

"Hicho kitabu ulikifungua," akasema. Haikuwa swali.

"Baada ya mazishi."

"Mbona hukukichoma na chenyewe?"

Baba alitazama viganja vyake. "Ulikuwa mwandiko wake wa mwisho. Sikuweza." Akavilaza magotini. "Nikasikia kuna duka wanafuta."

"Mwanangu aliniomba nini?"

Akatikisa kichwa.

"Baba wa mtoto wangu, leo sikudai kitu kingine. Sikutukani, sikushitaki. Niambie tu aliniomba nini."

"Nilisoma mpaka hapo alipofikia huyu," akasema. "Niliogopa ombi lenyewe ni kunihusu mimi. Sikugeuza ukurasa."

Kaka mkubwa akamwapisha. Akaapa. Wengine waliamini, wengine hawakuamini. Dada yake haamini mpaka leo, anasema kaka yake alisoma yote na anayajua. Mimi niliuona uso wa yule baba, na nadhani alisema kweli. Lakini uso wa mtu aliyeweza kumwambia mtoto mgonjwa maneno yale siwezi kuuwekea dhamana.

Tulipotoka, mama alitembea na sisi mpaka barabarani. Shangazi alikuwa na ile karatasi aliyoiandika, upande mmoja umejaa, wa pili mweupe. Akampa. Mama akaipokea, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Sikulaumu," akamwambia. "Wewe ulitumwa, na umekuja kusema wakati ulikuwa na uwezo wa kunyamaza. Lakini usije kwangu, dada yangu, wala usiniandikie. Nikikuona naiona sinia."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Hawajaonana tena.

Mzee Mgongo alipata fundi mwingine, na nasikia orodha bado zinatoka kila baada ya miezi mitatu. Shangazi alibaki nami, tukashona wote. Vifungo na mapindo hufanya yeye. Wakati mwingine, katikati ya kazi, husimamisha sindano na kusema jambo moja: labda alitaka azikwe karibu na mto. Siku nyingine husema labda ni kumwombea baba msamaha, au labda ni kumkataza mama asimsamehe kamwe. Nilimkataza mchezo huo. Akasema si mchezo.

Baada ya kile kikao yule baba alikaa miaka miwili. Kaka zake walimletea chakula, wakakiweka mezani, wakaondoka. Alipofariki, kaka mkubwa alipiga simu siku ile ile, saa ile ile, ofisini kwa mkuu wa shule, akaomba mpishi aitwe. Mpishi akaja amejifunga aproni, akashika simu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema asante kwa kunijulisha, shemeji, akarudi jikoni kuwagawia watoto chakula.